Minara tumeiona, kasi iko wapi?

Mwandishi, kwenye makala yako umeisifia wizara ya mawasiliano ya Tanzania kwa ile minara 758 ya simu iliyosainiwa Mei 2023 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ule mfuko wa serikali wa kufikisha mawasiliano vijijini. Sina ugomvi na minara. Kijijini kwetu ilibidi upande kichuguu nyuma ya zahanati ndipo upate netiweki, leo mama anapiga simu akiwa jikoni anakaanga vitunguu. Hilo tuwape.

Ila kuhesabu minara tu ni kujipigia makofi mapema. Mwalimu akifungua mtihani wa majaribio wa kurasa nne, kile kiduara kinazunguka weee, bando linakatwa na faili halijashuka. Siku za mawingu ndiyo kabisa, ikifika saa mbili usiku mnara nao, unaotegemea sola, umelala.

Halafu wizara yenyewe haitulii. Desemba 2020 iliundwa Wizara ya Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, Septemba 2021 ikabebeshwa pia sekta ya Habari. Mawaziri Ndugulile, Kijaji, Nape, Silaa, wamepokezana kiti kama abiria wa daladala. Sera ya intaneti inataka miaka, jamani! Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zinazotuletea intaneti zilipokatika tulibaki tunatazamana, ilhali Mkongo wa Taifa, yaani nyaya za mawasiliano za nchi nzima, umeanza kujengwa tangu 2009.

Waziri akienda bungeni na bajeti, atutajie kwa kila kata: kasi inayomfikia mtumiaji ni kiasi gani, na mnara unawaka saa ngapi kwa siku. Idadi ya nguzo tunaiona wenyewe tukipita barabarani.