Siku Mbuzi Alipokula Somo Langu

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu nyasi ni adui. Ukizipa wiki mbili tu zimeshafika mlango wa jikoni bila hodi. Kwa hiyo nilipopangiwa shule moja ya msingi nje kidogo ya Dodoma mjini, sikuota kwamba iko siku nitafuga nyasi kama watu wanavyofuga kuku.

Somo lilikuwa mmomonyoko wa udongo, Darasa la Pili, watoto 74. Sasa neno lenyewe, mtoto wa miaka 7 analitamkaje? Mmoja alijaribu: "Mmomo... mmomonyo... mmonyo..." Akaomba ruhusa ya kwenda chooni. Nikasema hapa maneno hayasaidii, nitafute zana.

Nikapata sinia mbili kuukuu, nikazitoboa ukingoni, nikazijaza udongo mwekundu uleule. Moja nikaiacha tupu, nyingine nikaipanda nyasi. Mpango ulikuwa kuziinamisha kidogo, kisha kuzinyeshea "mvua" kwa kopo la maziwa nililolitoboa kwa misumari. Penye nyasi maji yangechuruzika taratibu, karibu safi. Penye udongo mtupu yangetoka matope, na watoto wangeona vijikorongo vikichimbika mbele ya macho yao. Ndivyo mvua za huku zinavyofanya: Desemba zinakuta ardhi imekaa uchi miezi mingi, zinashuka kwa fujo na kuondoka na udongo.

Tatizo ni kwamba ilikuwa Septemba. Mwezi huo Dodoma hata mbuyu hauna jani. Wiki tatu nzima nilizimwagilia nyasi zangu maji ya kuoshea vyombo, maana maji nanunua kwa dumu la lita 20. Jirani yangu, mzee wa Kigogo, alikuwa akipita kila asubuhi.

"Mbukwa, mwalimu."

"Mbukwa, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Hizo nyasi, ng'ombe wako yuko wapi?"

"Sina ng'ombe, babu. Ni za watoto."

Akanitazama kwa huruma, akaenda zake. Jioni mkewe akaniletea bakuli la mlenda.

Siku ya somo, kumbe na afisa wa uthibiti ubora wa shule yuko njiani. Akaja na shati jeupe. Shati jeupe, Dodoma, mwezi wa tisa! Nilipaswa kumwonea huruma mapema.

Nikaanza na upepo. Nikawapanga watoto duara uwanjani, katikati nikamwaga vumbi laini, ndoo nzima. "Nikifika tatu, sote tunapuliza kama upepo!" Afisa akasogea, akainama apate kuona vizuri.

Kosa lilikuwa lile duara. Vifua 74 vikipuliza kutoka pande zote, vumbi litakwenda wapi? Lilipanda juu kama chamchela. Lilipotua, sikumwona afisa. Niliona sanamu ya udongo imeshika kalamu.

"Mwalimu, tupulize tena?" akauliza mmoja, macho yamefumba, meno mekundu.

Ndoo zangu mbili za mvua zikaishia kunawisha nyuso. Likabaki kopo moja. Afisa alijifuta kwa leso, akakohoa, akasema kwa upole wa mtu aliyekwishaamua jambo: "Endelea, mwalimu."

Nikageukia sinia zangu. Mbuzi mweusi alikuwa amesimama na miguu miwili ndani ya ile ya nyasi. Majani alishayamaliza, sasa aling'oa mizizi, akitafuna huku ananitazama usoni. Wiki tatu zangu! Nikamfukuza kwa kandambili, akaondoka bila haraka, kama mgeni aliyeshiba.

Nikanyeshea zote mbili hivyo hivyo. Zote zikatoa maji mekundu mazito.

"Zimelingana!" wakapiga kelele.

Binti mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, babu yangu wa Kondoa anasema kule mbuzi na ng'ombe walifukuzwa, wakaambiwa wasirudi, kwa sababu ya makorongo."

Na ni kweli. Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote itolewe kwenye eneo la Kondoa lililokuwa limeharibika, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973. Nyasi na miti vikarudi. Mimi niliyekesha na andalio la somo sikuwa nimeandika hata mstari mmoja kuhusu mbuzi.

Afisa naye akatikisa kichwa, vumbi likadondoka kwenye fomu. Akalipuliza (peke yake, upande mmoja, kama inavyotakiwa), akaandika. Mkuu wa shule alinionyesha baadaye. Penye "Zana za kufundishia" palisomeka: "Zilikuwepo. Zimeliwa."