Kabla ya kujenga banda la mbwa, mlipeni daktari wa mifugo

Mjadala wa kuwasaidia mbwa na paka wanaoteseka mitaani ukianza, iwe Mbeya, Iringa au Makambako, wazo la kwanza huwa ni kutafuta kiwanja na kujenga banda. Watu wanachanga, wananunua mabati na wavu, wanaokota mbwa ishirini, na fedha inakwisha kabla daktari hajalipwa. Mimi naona tunaanzia mwisho. Kwa mazingira yetu ya Nyanda za Juu Kusini, fedha ya kwanza ni ya daktari wa mifugo, inayofuata ni ya chanjo, na banda lije baadaye sana, tena likiwa dogo.

Mbwa wengi tunaowaita wa mitaani wana kwao. Yule anayelala mchana pembeni ya soko la Mwanjelwa usiku ana ua anaoulinda. Anazurura kwa sababu nyumba haina uzio, kwa sababu anafuata mabaki ya bucha, au kwa sababu kuna jike mwenye joto la kupandwa mtaa wa pili. Ukimbeba ukampeleka bandani, umemwondolea mtu mlinzi wake, naye mwezi ujao ataomba kwa jirani mtoto mwingine wa mbwa, asiyechanjwa. Kwa hiyo uokoaji uanze kwa kubisha hodi. Piga shikamoo, uliza mbwa ni wa nani, kisha eleza unacholeta: chanjo, dawa ya minyoo, kumfunga kizazi jike, yaani kumtoa kizazi kwa upasuaji. Mwenye mbwa achangie kidogo anachoweza, kwa sababu aliyechangia hukumbuka kumfungia mbwa ndani siku ya kutoa nyuzi za mshono. Balozi wa nyumba kumi na mtendaji wa mtaa wapewe taarifa mapema, la sivyo mtaonekana wezi wa mbwa.

Sasa hesabu ya banda. Mbwa mkubwa wa kilo 15 anahitaji karibu gramu 200 za unga wa dona na gramu 50 za dagaa kwa siku, na hapo hajapata maini wala mifupa. Mbwa ishirini ni kilo 4 za unga na kilo 1 ya dagaa kila siku, yaani kilo 120 za unga na kilo 30 za dagaa kwa mwezi, miezi yote kumi na miwili. Ongeza kuni, maji na mshahara wa mlishaji. Bado hamjanunua sindano hata moja.

Halafu kuna parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Mtoto mmoja wa mbwa akiingia na virusi hivyo, atatapika na kuhara damu, na wenzake wasiochanjwa watafuata ndani ya siku chache. Virusi vya parvo huishi kwenye udongo kwa miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haiviui. Kinachoviua ni klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, ikae dakika 10 juu ya sakafu iliyokwisha kusafishwa, maana kinyesi na matope huipunguza nguvu. Banda la sakafu ya udongo haliwezi kusafishwa kwa njia yoyote. Mengi tunayoyajenga kwa haraka yana sakafu hiyo hiyo, na watoto wa mbwa wanaoletwa kuokolewa wanafia humo.

Fedha iendeshwe kwa nidhamu ya kikoba. Mchango wa kila mwezi ulio mdogo na wa uhakika unazidi harambee moja kubwa inayofanyika baada ya picha ya kuhuzunisha kusambaa WhatsApp. Ningegawa kila shilingi 10,000 hivi: 5,000 kwa kufunga kizazi na chanjo, 3,000 kwa dharura, 2,000 kwa usafiri, chakula na dawa ndogo ndogo. Fungu la dharura lisiguse fungu la kwanza hata siku moja. Mifuko ya aina hii hufa kwa njia inayojulikana: anagongwa mbwa mmoja kwenye barabara kuu pale Uyole au Ipogolo, uchungu unawashika watu, fedha yote inakwenda kwake, anakufa wiki ya tatu, na majike kumi waliokuwa kwenye orodha wanazaa. Wekeni kikomo cha matibabu kwa mnyama mmoja kabla mnyama mwenyewe hajafika, siku ambayo hakuna anayelia.

Malipo yaende moja kwa moja kwa daktari kwa lipa namba yake, risiti ipigwe picha na kuwekwa kwenye kundi la wachangiaji siku hiyo hiyo. Anayekusanya asiwe anayelipa. Na deni kwa daktari lisivuke mwezi. Madaktari wa huku wanaishi kwa ng'ombe wa maziwa wa Rungwe, Njombe na Iringa. Ukimcheleweshea fedha ya mbwa, siku nyingine ukipiga simu atakuwa yuko kwenye zizi la mtu anayelipa, na hana kosa.

Mjue pia mnamlipa nani. Kufungua tumbo la mnyama ni kazi ya daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Afisa mifugo wa kata ni msaada mkubwa kwenye chanjo, minyoo na vidonda, na muuza duka la dawa za mifugo anaweza kukupa ushauri mzuri, lakini upasuaji sio wao. Ombeni kuona usajili. Daktari halisi hakasiriki kuulizwa.

Mpangieni kazi ya pamoja. Majike sita siku moja humpunguzia daktari gharama: vifaa vinachemshwa kwa mkupuo, chupa ya nusukaputi iliyofunguliwa inaisha siku hiyo, na msaidizi analipwa mara moja. Mbwa mkubwa asile kwa muda wa saa 12 kabla ya upasuaji, kwa sababu dawa zinazotumika sana kwetu humtapisha, na matapishi yakiingia kwenye mapafu yanamuua. Mtoto wa mbwa asifungiwe chakula zaidi ya saa 4, sukari ya mwilini itamshuka. Jike mwenye joto aahirishwe miezi miwili, kwa kuwa mishipa ya kizazi chake imejaa damu na huvuja sana. Anayenyonyesha asubiri watoto waache ziwa na maziwa yakauke.

Hatari ya huku kwetu ambayo maelekezo ya Dar es Salaam hayaisemi ni baridi. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe na Makete ni juu zaidi, na Juni na Julai jengo la saruji huwa kama jokofu. Mbwa aliyelazwa kwa nusukaputi hawezi kutetemeka ili ajipashe joto. Amenyolewa tumbo, amepakwa spiriti, amelala juu ya meza ya bati. Joto lake la kawaida ni nyuzi joto 38 hadi 39.2. Likishuka chini ya 37 anachelewa kuamka, na jike mdogo au paka anaweza asiamke kabisa. Tandika gunia na blanketi chini yake, weka chupa za maji ya moto zilizofungwa kwenye taulo pembeni, sio juu ya ngozi, maana aliyelala hahisi akiungua. Pima joto kila robo saa hadi anyanyue kichwa. Anza upasuaji asubuhi ili wote wawe wameamka kabla jua halijazama.

Akiamka, mzuie kulamba mshono. Ndoo ndogo ya plastiki iliyotobolewa tundu la shingo kwenye kitako, kingo zikapigwa plasta, inatosha. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14. Alama sikioni iwekwe akiwa bado usingizini. Bila hiyo, baada ya mwaka mtamfungua tumbo jike yule yule mkitafuta kizazi ambacho hakipo. Kwa paka, kukatwa ncha ya sikio la kushoto ni alama inayotambulika sehemu nyingi duniani.

Kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa sina subira na anayesema itafuata baadaye. Ikichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo wa ugonjwa hukatika, na karibu vifo vyote vya watu vitokanavyo na kichaa vinaanzia kwenye jino la mbwa. Lakini mbwa wetu huzaliwa na kufa haraka, hivyo kiwango hicho hushuka ndani ya miezi michache. Ndiyo maana chanjo ni ya kila mwaka, na ndiyo maana kufunga kizazi kunasaidia: mbwa waliochanjwa wanabaki kuwa wengi kuliko wapya. Watoto wa mbwa wasiachwe nyumbani siku ya chanjo. Wachanjwe, kisha warudiwe wakipita miezi mitatu. Chupa za chanjo zibaki kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, kwenye boksi lenye barafu iliyozungushiwa kitambaa ili dawa isigande.

Kuwapiga risasi au kuwatega kwa sumu hakujawahi kumaliza kichaa. Kunaua hata waliochanjwa, na nafasi zao huchukuliwa na wageni wasio na kinga.

Waokoaji wenyewe wachanjwe kabla ya kazi, siku ya kwanza na tena baada ya siku 7. Mbwa anayetoa mate, taya la chini likining'inia na sauti imebadilika, watu hudhani amekwama mfupa, na mwenye huruma huingiza mkono kuutoa. Usiguse, hizo ni dalili za kichaa. Mfungie, mwite afisa mifugo. Aliyeng'atwa au kuingiwa na mate kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa mkwaruzo. Mbwa anayeonekana mzima aliyeng'ata mtu asiuawe, afungiwe siku 10: kama mate yake yalikuwa na virusi siku ile, ataonyesha dalili na kufa ndani ya muda huo.

Mateso mengi ni ya bei ndogo kuliko tunavyodhani. Mbwa aliyepukutika manyoya kwa ukurutu hupona kwa ivermectin ileile ya ng'ombe, sindano mbili au tatu, wiki mbili kati yake. Kinachowaua ni kipimo. Dawa ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita. Mbwa wa kilo 10 anahitaji mililita 0.2 tu chini ya ngozi, na bomba la mililita 5 halipimi hivyo. Tumia la mililita 1. Akizidishiwa atayumba, atatetemeka, atazirai. Mbwa wenye damu ya Collie wasipewe, wala watoto chini ya wiki sita.

Jike au dume anayedondosha damu sehemu za siri wiki baada ya wiki hajaumia. Mara nyingi ni uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kupandana. Unatibika kwa vinkristini, sindano ya mshipani mara moja kwa wiki, wiki nne hadi sita. Wengi huacha damu ikikata baada ya sindano ya pili, na uvimbe hurudi. Dawa hiyo ikivujia nje ya mshipa nyama huoza, kwa hiyo daktari peke yake ndiye aishike. Wekeni fungu la matibabu yote kabla ya sindano ya kwanza.

Kamba aliyofungwa mtoto wa mbwa ikazama shingoni anapokua ni ukatili wa uzembe, na huku kwetu ni wa kawaida mno. Kata kamba, osha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi kwa lita, toa mabuu, usimimine spiriti ndani ya jeraha. Anayepiga au kumwagia mnyama maji ya moto makusudi anavunja Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Picha zenye tarehe na maelezo ya daktari zipelekwe polisi.

Paka wanafunza jambo moja gumu: huruma isiyo na maarifa inaua. Kidonge kimoja cha panadol kinatosha kumuua paka, kwa kuwa damu yake inashindwa kubeba hewa. Dawa za kuogeshea ng'ombe zenye pairethroidi humtia degedege. Kumkamata, tega kwa dagaa, kisha mfunike na tenga la kuku lililozungushiwa kanga, gizani hutulia.

Aliyevunjika uti wa mgongo anahitaji ukweli. Bana kidole cha mguu wa nyuma kwa nguvu. Mguu kujivuta tu si ushahidi, huo ni mwitiko wa neva usiohitaji kuhisi. Lazima ageuze kichwa au alie. Asipohisi chochote, daktari ampumzishe siku hiyo, yaani amuue kwa sindano bila maumivu, na hilo nalo lilipiwe na mfuko. Aliyevunjika nyonga ni tofauti: wengi wao hupona wakifungiwa sehemu finyu kwa wiki nne hadi sita, ili mradi wanakojoa wenyewe.

Hao wa nyonga, na wanaosubiri kutolewa nyuzi, ndio wanaostahili banda: vyumba vitatu vya sakafu ya saruji, kimoja kikiwa mbali kwa wageni wa siku 14 za mwanzo. Na kama mwezi huu fedha yenu inatosha jike mmoja tu, chagueni anayeishi karibu na bucha au jalala, kwa sababu ndiko madume hukusanyika, hupigana na kugongwa wakivuka barabara. Achanjwe akiwa bado mezani, arudishwe kwa mwenyewe jioni, na tarehe ya kutoa nyuzi iandikwe kwenye daftari la balozi.