Kamera ya rifabishi: unanunua ukaguzi, waranti ihesabu sifuri

Msimu wa mahafali ukikaribia Dodoma, swali ni lile lile. Mpiga picha mwenye kazi za Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), harusi za Jumamosi na semina za kule Mtumba, kwenye mji wa serikali, ana hela inayotosha kamera mpya ya daraja la chini, au rifabishi ya daraja la juu kwa hela hiyo hiyo. Achukue ipi? Msimamo wangu: rifabishi ya kiwandani ni ununuzi mzuri, ila kwa mtu aliyeko Dodoma bei yake lazima iwe chini kuliko inavyoonekana kutosha kwenye tangazo, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachouzwa pale haivuki bahari.

Tuanze na neno lenyewe, maana limechafuliwa. "Hii rifabishi kaka, kama mpya tu," unaambiwa dukani, na unachokabidhiwa ni kamera iliyofutwa kwa kitambaa na kuviringishiwa nailoni. Huo ni mtumba. Rifabishi ya kiwandani ni kamera iliyorudi kwa mtengenezaji: mteja aliirudisha baada ya siku chache, boksi lilipondeka njiani, ilikuwa ya maonyesho, au ilipata hitilafu ikiwa ndani ya waranti. Mafundi wa mtengenezaji wameikagua, wamebadilisha kilichoharibika, wameisafisha na kuipa toleo jipya la programu yake ya ndani. Kisha inauzwa ikitajwa wazi kuwa ni rifabishi, mara nyingi kwenye boksi la kawaida lisilo na picha za rangi. Kuna na aina ya tatu, iliyokarabatiwa na muuzaji mwenyewe. Hiyo thamani yake ni sawa na thamani ya fundi wake. Kwa hiyo muuzaji aulizwe mambo mawili tu: nani aliyeikarabati, na karatasi inayosema hivyo iko wapi? Linganisha namba ya kamera iliyo chini ya bodi (kamera yenyewe bila lenzi) na ile iliyoandikwa kwenye karatasi na boksi. Kama hazilingani, au karatasi haipo, lipa bei ya mtumba au ondoka.

Sasa waranti. Waranti ya rifabishi inayouzwa Marekani inafanya kazi Marekani. Shata, lile pazia la ndani linalofunguka na kufunga kila unapopiga picha, ikikwama ukiwa Area C hapa Dodoma, itabidi utume kamera kwa ndege, ulipie usafiri kwenda na kurudi, kisha uanze kueleza forodhani kwamba mzigo huu ni mali yako iliyokuwa matengenezoni. Ndiyo maana nasema kwenye hesabu waranti hiyo iandikwe sifuri. Unacholipia ni kwamba mtu mwenye vifaa vya kiwandani aliishika kamera hii akaipima. Hilo lina thamani kubwa, lakini lina bei yake.

Kipimo changu ni robo. Tuseme kamera mpya dukani inauzwa 2,400,000. Rifabishi ya aina hiyo hiyo isizidi 1,800,000, na hiyo ni bei ikiwa tayari mkononi mwako. Wengi wanakosea hapa. Wanaona bei ya mtandaoni, wanazidisha kwa dola ya leo, wanafurahi. Wanasahau usafiri, wanasahau ushuru, na wakikumbuka VAT ya 18% wanaikokotoa juu ya bei ya kamera peke yake, wakati forodha inaikokotoa juu ya bei, usafiri, bima na ushuru vyote vikiwa vimejumlishwa. Punguzo likishapungua hadi laki mbili, nunua mpya yenye risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), uwe na mlango wa kugonga ikiharibika. Punguzo likifika robo, ile 600,000 usiinunulie lenzi. Iweke pembeni, ndiyo waranti yako.

Ukiletewa na ndugu anayesafiri, mwambie betri za akiba zikae kwenye begi la mkononi, kwa sababu mashirika ya ndege hayaruhusu betri za lithiamu za akiba kwenye mizigo ya chini. Chaja ya Marekani ina pini mbili bapa, lakini nyingi za kamera zimeandikwa 100–240V, hivyo adapta ya soketi inatosha. Taa za studio ni jambo jingine: iliyoandikwa 120V tu itaungua siku ya kwanza kwenye umeme wetu wa 230V. Na kama kamera inatoka Japani, fahamu kwamba majina hubadilika. Canon inayoitwa Kiss X7i kule ndiyo 700D ya huku na Rebel T5i ya Marekani. Hiyo haina tatizo, lugha unabadilisha. Lakini Sony nyingi za soko la Japani zina menyu ya Kijapani peke yake, na hakuna mpangilio wa kuibadilisha.

Moyo wa kamera ya kazi ni shata. Canon 6D ilipimwa kwa mipigo 100,000 (kila picha ni mpigo mmoja), 5D Mark III kwa 150,000, Nikon D750 kwa 150,000 na D810 kwa 200,000. Mpiga picha wa harusi anayepiga picha 2,000 kwa wiki anamaliza 104,000 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, rifabishi yenye mipigo 5,000 imekula wiki mbili na nusu tu za maisha yake, wakati mtumba wenye 120,000 unaweza kukata roho bi harusi akiwa anaingia ukumbini. Kwenye Nikon, piga picha moja ya JPEG, ihamishie kwenye kompyuta bila kuigusa kwa programu nyingine, uisome kwa ExifTool, programu inayosoma taarifa zilizofichwa ndani ya picha: idadi ya mipigo imo ndani ya faili. Canon nyingi haziandiki namba hiyo kwenye picha, hivyo unahitaji programu inayosoma kamera kupitia waya wa USB. Hata hivyo namba ndogo isikulevye. Kamera iliyobadilishwa ubao mkuu inaweza kuanza kuhesabu upya.

Ndiyo maana shata huipimi kwa namba peke yake. Dodoma tuna jua, litumie. Saa sita mchana, simama mbele ya ukuta mweupe unaopigwa na jua, weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, uwazi wa lenzi f/2.8 na kasi ya shata 1/4000 ya sekunde. Kama lenzi yako inaishia f/4, pandisha ISO hadi 200. Piga picha kumi mfululizo, uzifungue moja moja kwenye skrini kubwa ya kompyuta, si ile ndogo ya nyuma ya kamera. Picha zote ziwe na weupe mmoja. Ukiona upande mmoja wa picha una utepe mweusi, au weusi unaofifia kuelekea katikati, pazia moja la shata limechoka na haliendi sawa na mwenzake. Kwenye kasi ya 1/200 kasoro hiyo inaweza isionekane kabisa, na ndiyo maana muuzaji anayekujaribishia kamera ndani ya duka lenye giza hakukuonyesha kitu.

Kitu cha pili ni sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, na hapa mji wetu una neno lake. Kuanzia Agosti upepo unapokausha kila kitu mpaka mvua za Desemba, vumbi la Dodoma linaingia kila penye upenyo. Funga uwazi wa lenzi hadi f/16 au f/22, zima kulenga kwa otomatiki, lenga karibu kabisa, kisha piga anga tupu huku ukiitikisa kamera kidogo. Mawingu yatafutika, lakini kilichoko kwenye sensa kitabaki pale pale picha hadi picha. Doa la kijivu lenye kingo laini ni vumbi. Pulizia kwa pampu ya mpira, kamera ikitazama chini, na kamwe usipulize kwa mdomo, maana mate yakikauka kwenye kioo cha sensa ni kazi nyingine. Doa la mviringo lisilosogea hata baada ya kupuliziwa mara tatu huenda ni mafuta kutoka kwenye shata.

Mfano unaojulikana ni Nikon D600 ya mwaka 2012. Sensa yake ilikuwa ikijaa madoa, Nikon ikatoa D610 mwezi Oktoba 2013, na mwaka 2014 ikakubali kuzihudumia D600 bure, pamoja na kubadilisha shata. D600 iliyopitia huduma hiyo, shata mpya ikiwa imefungwa, naichukua mbele ya D600 ambayo haijawahi kuguswa bisibisi. Kufunguliwa na mtengenezaji si dosari ya kamera.

Vingine vinapimwa haraka. Funika lenzi, weka ISO 1600 na sekunde 30: vidoa vichache vya rangi ni vya kawaida, ukiona kama nyota za usiku wa Kondoa, acha. Laza gazeti mezani, lipige kwa pembe kwa lenzi ya 50mm kwenye f/1.8 ukilenga mstari mmoja wa habari, uone kama mstari huo ndio mkali au ule wa mbele yake. Chomeka flashi, chomeka kadi kwenye kila tundu, gusa kila kitufe. Kwenye Canon zinazotumia betri ya LP-E6, menyu ya betri inaonyesha uwezo wake wa kuchaji kwa vijiboksi vitatu, na Nikon nyingi zinazotumia EN-EL15 zinaonyesha umri wa betri kuanzia 0 (mpya) hadi 4 (iliyochoka). Betri iliyochoka si sababu ya kukataa kamera, ni sababu ya kuomba punguzo.

Bodi ya rifabishi, ndiyo. Kuhusu lenzi nina msimamo mkali zaidi. Lenzi ya 50mm isiyovutwa ina mambo machache ya kuharibika, nunua. Lenzi za zumu zinazorefuka zikivutwa hunyonya hewa, na hewa yetu ina vumbi. Zungusha pete ya zumu sikio likiwa karibu: ukisikia mkwaruzo wa mchanga, irudishe. Kisha washa tochi ya simu nyuma ya lenzi uchungulie kwa mbele. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni ukungu, nao huja zaidi na lenzi zilizoishi kwenye unyevu wa Pwani, Tanga au Zanzibar. Ukame wetu unaudumaza, hauuondoi.

Nani asinunue rifabishi? Mwenye kamera moja tu ambayo ndiyo inamlipia kodi, asiye na ya akiba na asiye na ile robo pembeni. Huyo bora mpya ya daraja la chini kutoka duka analoweza kurudi.

Na ukishanunua, usiitunze kabatini ikisubiri msimu. Muda wa kurudisha huhesabiwa kwa siku chache, na kasoro nyingi hujitokeza kamera ikipata joto la kazi. Wikiendi ya kwanza nenda nayo kazini ikiwa kamera ya pili, ya zamani ikibaki ya kwanza. Piga nayo picha 2,000 ndani ya muda huo wa kurudisha, uzikague usiku huo huo, na boksi, nailoni na karatasi zake zote zibaki kama zilivyokuja.