Salisbury haikuwa Tabora

Mjadala wa kususia uchaguzi ukipamba moto, hakosi mtu wa kutupia mfano wa Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo. "Waafrika walisusia mwaka 1962, wakaambulia Ian Smith, mbabe wa walowezi." Kijiweni kwetu mfano huo huja na kahawa ya pili, na nyuma yake hufuata mkutano wa Tabora: TANU ilikubali kumeza kura tatu mwaka 1958, yaani kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, ikashinda, uhuru ukaja. Mimi naona tunawaonea wenzetu.

Tazameni hesabu yenyewe. Katiba ya 1961 iliwagawa wapiga kura madaftari mawili. Daftari A lilidai kipato, mali na elimu ambavyo Mwafrika wa kawaida hakuwa navyo, na ndilo lililobeba viti 50. Daftari B, lenye masharti nafuu kidogo, liliachiwa 15. Wazungu hawakufika 250,000. Waafrika walizidi milioni 3.

Najua jibu lake: kura za daftari B ziliingia pia kwenye majimbo ya A, ingawa zilibanwa zisizidi robo ya kura za daftari A. Kwa hiyo Waafrika wangejiandikisha kwa wingi, huenda wangemwokoa waziri mkuu, Edgar Whitehead.

Wamwokoe kwa lipi? Whitehead huyohuyo alikipiga marufuku NDP, chama cha Waafrika kilichoongozwa na Joshua Nkomo, Desemba 1961. Wakaunda ZAPU, nacho akakifuta Septemba 1962, miezi mitatu tu kabla ya kura ya Desemba 14. Halafu akawaomba Waafrika kura, akiahidi kufuta sheria ya 1930 iliyogawa ardhi kwa rangi. Unamfungia mtu mlango, kisha unampigia hodi dirishani! Walowezi waliposikia habari ya ardhi, wakakimbilia chama cha Rhodesian Front cha Winston Field: viti 35 kati ya 65. Chama cha Whitehead kikapata 29.

Tabora ilikuwa habari nyingine. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, walowezi wachache, na gavana akipokea amri London. Mwalimu alikuwa akivutana na mtumishi ambaye siku moja angefunga mizigo aende kwao. Nkomo alivutana na wenye mashamba, waliojitawala tangu 1923, polisi wao, jela zao, na ambao hawakuwa na nia ya kwenda popote. Hata Field, waziri mkuu wao mpya, walimwona mlegevu. Aprili 1964 wakamweka Smith.

Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Highfield, kitongoji cha Waafrika pale Salisbury, mji mkuu, Harare ya leo. Alikichukua mgombea binafsi, mzungu, daktari na mwanasheria, Ahrn Palley. Smith alipojitangazia uhuru Novemba 11, 1965, bunge lilipokutana tena Palley alisimama akasema kikao kile si halali. Wakamtoa nje.