Mtaala wa Kiingereza na kipimo chake

Tangu mwaka 2005 mitaala ya sekondari nchini Tanzania imejengwa juu ya umahiri: mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kukifanya kuliko anachokikumbuka. Kwa somo la Kiingereza, mageuzi hayo yaliubadili muhtasari wenyewe, yaani orodha ya mada za kufundishwa, kwani mada za kidato cha kwanza ziliacha kutajwa kwa majina ya njeo na vihusishi, zikatajwa kwa mambo ambayo watu huyafanya kwa lugha, kama kuelekeza njia, kueleza mazoea ya kila siku na kuandika barua ya kirafiki. Walimu wamegawanyika kuhusu mpangilio huu hadi leo, na kila upande una hoja yenye uzito. Hata hivyo, naona ubishi huo umelifunika jambo kubwa zaidi: mtaala unaoahidi matumizi ya lugha tunauhukumu kwa kipimo kisichoyagusa matumizi hayo.

Tuitazame mada ya kuelekeza njia katika darasa la Bagamoyo. Mji wenyewe ni zana ya kufundishia, kwa kuwa mwalimu anaweza kuchora ubaoni barabara ya kutoka stendi hadi pwani, akaonyesha Caravan Serai, Ngome Kongwe na Boma la Wajerumani, kisha akawataka wanafunzi waelekezane wawili wawili, mmoja akiwa mgeni anayetafuta magofu ya Kaole. Hivyo ndivyo muhtasari unavyotaka. Lakini kipindi ni dakika 40, na darasa la wanafunzi 60 likigawanywa linatoa jozi 30 zinazozungumza kwa wakati mmoja, ambapo zile za nyuma zitakuwa zimesharudi kwenye Kiswahili kabla mwalimu hajazifikia. Mwisho wake sentensi zinaandikwa ubaoni, zinanakiliwa daftarini, na katika jaribio la mwisho wa mwezi mwanafunzi anajaza kihusishi kilichoachwa wazi.

Mwalimu wa namna hii si mvivu, na wanaotetea mpangilio wa miundo, yaani wa kufuata sarufi, wana sababu za kweli. Muhtasari unaopanda hatua kwa hatua, kutoka sentensi sahili hadi changamano, humpa mahali pa kusimama mwalimu ambaye Kiingereza chake mwenyewe hakijakomaa, na humwonyesha ni wapi hasa mwanafunzi amekwama. Isitoshe, mtoto wa Bagamoyo akitoka shuleni anaingia katika Kiswahili cha nyumbani, cha sokoni na cha madrasa, na pengine Kikwere au Kizaramo cha bibi yake. Sarufi ambayo mtoto aliyezungukwa na Kiingereza huiokota bila kufundishwa, huyu hana pa kuiokota.

Upande wa pili nao hauwezi kupuuzwa. Mwaka 1984, Clive Criper na William Dodd walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari nchini hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuatia masomo yaliyofundishwa kwa lugha hiyo. Hao walikuwa wamesoma kwa miundo, tena kwa miaka.

Mfano ninaoutamani kwetu unatoka kusini mwa India. Kuanzia mwaka 1979 hadi 1984, mtaalamu wa ufundishaji wa Kiingereza N. S. Prabhu na wenzake waliendesha mradi wa Bangalore, ambamo wanafunzi walifundishwa Kiingereza kwa kupewa kazi za kutatua, kama kusoma ramani au ratiba ya treni, bila orodha ya miundo iliyopangwa mapema. Alan Beretta na Alan Davies walipoitathmini kazi hiyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 1985, walikataa kutumia mtihani wa aina moja. Walitunga jaribio la miundo ambalo lingewafaa waliosoma kwa miundo, jaribio la kazi ambalo lingewafaa wanafunzi wa Prabhu, na mengine kati ya hayo, ikiwemo imla, ambayo hayakupaswa kuupendelea upande wowote. Matokeo yaliunga mkono mradi kwa tahadhari, huku kila kundi likielekea kufanya vizuri katika kile lilichofundishwa. Kama lingetumika jaribio la miundo peke yake, watathmini wangefikia hukumu tofauti kuhusu watoto walewale.

Beretta hakuishia hapo. Katika makala ya mwaka 1990 alichunguza jinsi mradi ulivyotekelezwa, akaona kwamba walimu wa kawaida wa shule zile walipata taabu kubwa kuufuata kuliko wenzao waliokuja na mradi. Kwangu hili ndilo la kutafakari zaidi, kwa sababu mtaala usiotekelezeka na mwalimu aliyepo haukupangwa vizuri, hata kama nadharia yake ni sahihi.

Kwetu, Kiingereza cha kidato cha nne hupimwa kwa karatasi ya maandishi. Baraza la Mitihani lina sababu, maana kumsikiliza kila mtahiniwa nchi nzima ni gharama isiyobebeka. Lakini mtihani huo umeundwa kumpima mtoto na kumpa cheti. Kuupima mtaala ni kazi nyingine, nayo haihitaji kila mtoto. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, unaowaandaa viongozi wa shule, una makao yake Bagamoyo, na jambo hili lingeweza kuanza kujadiliwa hapo. Mthibiti ubora anayekagua azimio la kazi na andalio la somo angeweza pia kuwaita wanafunzi watano waliochaguliwa kwa kura, akajifanya mgeni, akamwomba kila mmoja amwelekeze hadi Ngome Kongwe. Kisha angemuuliza mwalimu, faraghani na bila kumtisha, ni mada ipi ya muhtasari aliyoshindwa kuifundisha kama ilivyoandikwa, na kwa nini. Majibu ya shule kumi yakikusanywa na kupelekwa Taasisi ya Elimu, watunga mihtasari wangejua ni wapi wapunguze mada, na ni wapi warudishe sarufi bila kuona haya.