Sensa tatu zinaweza kukubaliana kwenye kosa

Turbini ikiwa na sensa (vihisi) tatu za mwendo na mtambo ukifuata kauli ya zozote mbili, mafundi hulala usingizi. Mimi naona wanajidanganya. Kura hiyo hukamata sensa iliyokufa. Namba mbaya haiikamati, kwa sababu zote tatu husoma gurudumu moja la meno lililofungwa kwenye shafti na hesabu zao hugawanywa kwa namba ile ile: idadi ya meno.

Chukua gurudumu la meno 60. Mizunguko 3000 kwa dakika hutoa hezi 3000, yaani mapigo 3000 kwa sekunde. Sasa mtu kaandika 62 kwenye kidhibiti. Shafti iko 3000, skrini inasema 2903, kidhibiti kinaongeza gesi mpaka skrini ifike 3000 na shafti iwe 3100. Kinga ya mwendo uliopitiliza, uliyoiweka 3300, itazima mtambo kwenye 3410. Kengele hailii. Kuingiza mawimbi ya majaribio nako hakusaidii: anayeamini meno ni 62 ataingiza hezi 3100, aone 3000, atie sahihi.

Kwa hiyo hesabu meno kwa macho. Jino moja lipake chaki, shafti izungushwe taratibu, watu wawili wahesabu kila mtu kivyake. Siku ya kuwasha, kabla ya kuunga gridi, linganisha na takometa ya mwanga. Jenereta ya nguzo mbili nayo itakusuta: kwa mizunguko 3000 hutoa hezi 50, hivyo ikitoa 51.7 wakati skrini inasema 3000, kuna uongo mahali. Injini za Mtwara zinazokula gesi ya Mnazi Bay hazizunguki kasi hiyo, lakini hesabu ni ile ile.

Nafasi kati ya sensa na jino hupangwa shafti ikiwa imesimama, jino (si bonde!) likiwa mbele yake. Ukifunga mbele ya bonde, jino la kwanza litaivunja. Igusishe kidogo, irudishe nyuma: kwa uzi wa skrubu unaosogea milimita 1.5 kila mzunguko, nusu mzunguko ni milimita 0.75. Hakiki kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), kisha kaza nati. Sensa ya sumaku isiyolishwa umeme kutoka nje ikikaa mbali mno, mtambo unapoanza polepole itasoma sifuri.

Huku kwetu ongeza chumvi. Upepo wa kusi ukivuma miezi kadhaa, pini za plagi huota ukungu wa kijani, mapigo yanarukwarukwa na sensa nzima hulaumiwa bure. Fungua plagi kwanza. Na wavu wa chuma unaokinga nyaya ndani ya kebo uunge ethi upande wa paneli tu.