Kufuli Aprili, funguo Mei

Ijumaa saa kumi na moja jioni, kijana anayejifunza kazi kwetu ananitumia picha ya skrini. Amepandisha ESLint, programu inayokagua makosa kwenye kodi tunayoandika kwa lugha ya JavaScript, kutoka toleo la 8 kwenda la 9, na sasa inamwambia haioni faili la eslint.config.js, lile la mpangilio mpya wa sheria zake. Faili letu la .eslintrc, la mpangilio wa zamani, lipo palepale, limejaa sheria tulizogombania miaka minne. ESLint inalipita kama haijawahi kukutana nalo.

Tulitoka ofisini saa mbili usiku.

Najua mtakachosema: mpangilio mpya ulikuwepo kwa majaribio tangu Agosti 2022, matoleo ya alfa yakatoka, matangazo yakaandikwa. Sawa. Na wengi wanaoitunza ni watu wa kujitolea, hawanidai hata shilingi. Hilo nalimeza, ingawa kwa shida.

Lakini hebu tazameni kalenda. Toleo la 9 lilitoka Aprili 5, 2024. Kifaa cha kuhamisha mipangilio ya zamani kikaja Mei. Vipande vya kuzisaidia plagini za zamani (viongezo vinavyoiletea ESLint sheria zaidi) zisife, navyo Mei. Ni mwenye nyumba gani huyo anayebadilisha kufuli leo, funguo za wapangaji anakwenda kuzichonga mwezi ujao? (Na kodi mnalipa. Nazungumzia ya pango, siyo hii tunayoandika.)

Hapo bado hatujagusa plagini, na plagini ndizo ESLint yenyewe. Hakuna anayeisakinisha ili aambiwe kasahau nukta-mkato. Tunaitaka kwa sababu ya lugha ya TypeScript, maktaba ya React na mpangilio wa import, ile mistari inayoleta kodi kutoka mafaili mengine. Toleo la 9 liliondoa njia kadhaa ambazo sheria za plagini zilikuwa zikizitumia, kwa hiyo hata ukiandika faili jipya bila kosa, sheria inaweza kukuangukia katikati ya ukaguzi. Toleo thabiti la typescript-eslint, plagini ya TypeScript, linaloikubali ESLint 9 lilitoka Julai 31. Ile eslint-plugin-import ikafika Oktoba. Na toleo la 8 liliacha kuhudumiwa lini? Oktoba 5, mwaka huohuo! Yaani sisi wa import tulipewa siku za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Ndiyo maana nasema toleo kuu la kikaguzi lisipangwe kwa tarehe. Enyi mnaoitunza, chukueni plagini ishirini zinazotumika zaidi, ziendesheni dhidi ya toleo jipya kila usiku, na zile zinazovunjika ziwe ndiyo ratiba. Zikipita, toeni. Zisipopita, subirini, hata kama keki imeshaagizwa. Kifaa cha kuhamia kitoke kabla ya toleo, watu wakitumie na kukitukana kikiwa bado kinaweza kurekebishwa.

Mpangilio mpya wenyewe ni mzuri, sibishi. Faili moja, JavaScript ya kawaida, huhangaiki kutafuta sheria imetoka folda gani. Ila waliondoa extends, neno la kurithi sheria kutoka mpangilio mwingine, tukaambiwa hatuihitaji, halafu Machi 2025 ikarudishwa. Karibu tena, shemeji.

Jumatatu nimefungua mradi wa yule kijana. Ameweka ESLINT_USE_FLAT_CONFIG=false, swichi ya kuirudisha ESLint kwenye mpangilio wa zamani, kwenye hati ya ukaguzi, na juu yake maoni ya mstari mmoja: "Bro alisema tutarudi." Nimeyaacha yalivyo.